Nenda Ukashonwe Mkono

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, msisimame mlangoni kama wageni waliokosea nyumba, maana nina pumzi ya kusema mara moja tu na sitaki kuimalizia kwa kurudiarudia. Wewe mkubwa, Bwana Utaratibu, kaa kwenye hicho kiti. Wewe wa kati, zima simu, wateja wa duka lako hawatakufa kwa kukosa sabuni. Na wewe Kitinda, njoo ukae huku miguuni, kwenye godoro nililolishona mwenyewe, uuweke huo mkono wako wa kulia juu ya mto, naona unaubeba kama mtoto wa jirani.

Nyumba hii ni yenu watatu, na asiuze mtu chumba hata kimoja maadamu mmoja wenu bado anakihitaji. Karakana ya magodoro ni ya Kitinda, na cherehani kubwa, na sindano ndefu zote, na pamba iliyoko stoo, kwa sababu ndiye pekee anayejua kujaza godoro lisitoke nundu. Msikunje nyuso. Mmoja wenu hushika sindano kama anashika nge, na mwingine akiingia tu karakana anapiga chafya mpaka tunamtoa nje.

Lakini sikuwaita kwa ajili ya pamba. Nimewaita kwa sababu ya gari lililoko nje. Tangu Kitinda aanguke kwenye pikipiki, neva za bega zikakatika, tumehangaika mpaka tukampata daktari wa kuziunganisha, huko mbali, na siku yenyewe ni kesho. Leo asubuhi namsikia ukumbini anamwambia kaka yake, "Siendi. Mama anakufa, mimi niende kulala hospitali ya watu?" Na kaka mtu, badala ya kumsukumia mkoba, akajibu, "Kweli, watu watasema." Basi msikieni huyo anayekufa anasemaje.

Kitinda, mkono wako naujua kuliko unavyoujua wewe. Mliukuta huu wangu ulivyo, mkadhani nilizaliwa nao. Nilikuwa msichana mwenye nguvu, nimekaa juu ya shehena ya magodoro nacheka na baba yenu, lori likakata kona, na katika barabara nzima iliyotapakaa magodoro yangu, mimi nikaangukia pale pasipokuwa na hata moja. Bega likaenda huku, kichwa kikaenda kule. Nilipozinduka, mkono ulikuwa unaning'inia kama sweta kwenye msumari.

Maumivu yake sitayapamba. Ukiuchoma kwa sindano sisikii, lakini ukiachwa peke yake unaungua kama umetumbukizwa kwenye mafuta ya moto, halafu unapigwa umeme, halafu unatulia kidogo ili nisinzie, halafu unaniamsha. Wifi yangu, shangazi yenu, alikuja kunitazama, akalia kama yuko msibani, na alipomaliza kufuta machozi akauliza sufuria zangu kubwa atachukua nani, kwa kuwa mimi sitapika tena. Nikamwambia nitainyanyua moja mwenyewe siku ya kumpiga nayo. Kinyongo hicho nimekaa nacho mpaka leo, na kimenitibu kuliko vidonge vingi, ila sasa nakiacha. Siku ya kunizika mpeni kiti cha mbele, anapenda kulia.

Daktari aliniambia neva ya kukunja kiwiko imekufa, kwa hiyo ataazima neva za mbavuni, zile za kupumulia, aziunganishe na msuli wa mkono. Nikasema, "Daktari, mimi nimeishia shule ya msingi, lakini mbavu na mkono naona ni nyumba mbili." Akacheka. "Mama, tutatoboa ukuta." Nikashonwa. Kisha hakikutokea kitu, Kitinda, na hapo ndipo wengi huchoka, miezi inapita, mkono umelala, na yule mama wa mazoezi anaukunja na kuukunjua huku akinifokea, "Vuta pumzi! Unataka nikuvutie mimi?" Mpaka asubuhi moja nikavuta, na kiwiko, chenyewe, kikashtuka. Tulipiga kelele wote wawili hadi mfagizi akaja mbio na fagio, akidhani kuna nyoka.

Toka hapo mkono ukawa unaendeshwa na kifua. Nikitaka kunyanyua kikombe, navuta pumzi ndefu kama mtu aliyekerwa, na marehemu baba yenu kila chai ananiuliza, "Nimekosa nini tena, mama watoto?" Sikumharakishia jibu. Nikicheka, mkono unaruka. Siku moja kwenye mkutano wa soko, mwenyekiti akauliza nani yuko tayari kushika nafasi yake, fundi viti akaninong'oneza neno juu ya suruali ya mwenyekiti, nikaangua kicheko, mkono ukapanda, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikawa mwenyekiti mpaka nywele zikawa nyeupe, na nadhani sikuwa mbaya.

Sikudanganyi kwamba maumivu yaliisha. Yalipungua, yakabaki kama mpangaji mkorofi: unazijua saa zake, unajua anavyogonga mlango, nawe unaendelea kupika. Meza dawa ya neva uliyoandikiwa, siyo hizi unazoazima kwa majirani. Usiulalie huo mkono, wala usiusogeze jikoni bila kuutazama, maana ukiungua hautakwambia. Ukiwa karakana, ulaze juu ya kitambaa ukishikilie kwa uzito wake, ushone kwa wa kushoto. Godoro langu la kwanza la namna hiyo lilitoka limepinda, na aliyelinunua akasema linamfaa, hata mgongo wake umepinda.

Ila msuli hausubiri mazishi. Daktari wako amesema wazi: ukikaa muda mrefu bila neva unakauka, na kuunganisha baadaye ni kama kupeleka umeme kwenye nyumba iliyokwisha kubomoka. Ukiikosa kesho, hatujui atakuita lini tena. Kwa hiyo wosia wangu ndio huu, yale mengine yalikuwa maneno tu: Kitinda aende. Nikifa naye bado yuko mezani kwa daktari, asipigiwe simu mpaka azinduke na kuulizia chakula. Nizikeni bila yeye. Akitokea wa kusema amemtupa mama yake, wewe Bwana Utaratibu ndiye utakayemjibu, kwa ile sauti yako ya darasani, kwamba mama ndiye aliyemfukuza. Kufa nitakufa mwenyewe, sihitaji msaidizi.

Unasemaje? Sema kwa nguvu. "Mama, nikirudi sitakukuta." Ndiyo, hutanikuta. Utarudi na mkono.

Usinitazame hivyo, utanichekesha, na kucheka sasa kunanimaliza... Inama nikushike kichwa. Mungu akulinde njiani, akupe daktari aliyelala vizuri, akupe na mume atakayekufungia vifungo bila kuvikosea kama alivyokuwa akivikosea baba yako. Radhi zangu mnazo nyote watatu, sikumbakishia mtu kitu moyoni. Msigombane. Mkigombana, mgombane mkiwa mmeshiba.

Haya, simama. Kaka mtu, mbebee mkoba... siyo huo, huo una nguo zangu. Nenda, mwanangu. Usigeuke, utajigonga mlangoni.

Wewe wa kati, baki. Niinue mto kidogo... hapo. Fungua dirisha. Ameingia? Amekaa mbele? Mwambie akae mbele, huko nyuma watambana mkono... Amekaa. Vizuri.

Limewaka.

Lia basi, mwanangu, lia tu... ila polepole. Nataka kulisikia gari likipanda kilima.