Moto wa Chini

Konde, nyuma ya soko, kuna barza ya saruji iitwayo Jibu Lipo. Jina hilo waliipa wenyewe wanaoikalia, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Ukitaka kujua kwa nini pampu haivuti maji, kwa nini karafuu zimechelewa, au kwa nini fulani kamwacha fulani, wewe pita pale tu. Utapewa jibu hujamaliza kuuliza, na Khatib atakutilia kahawa. Asubuhi ile Ngwali, fundi mwashi, alikuja na sufuria kaifunika kwa kanga ya mkewe, akaitua katikati ya barza polepole, kama anayemlaza mtoto mchanga. Akafunua. Ndani mlikuwa na mkate wa mayai: chini mweusi ti, juu mbichi, na katikati shimo la kutosha kuku kulalia.

— Lahaula! Nini hichi, yakhe? alimaka Haidar, ambaye watu humwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Mkate wa mayai.

— Uligongwa na gari?

Walicheka wote isipokuwa Ngwali. Mwezi uliopita, mbele ya wageni, mkate wa mkewe Mardhiya ulitoka umenywea kidogo, na Ngwali, kwa mdomo wake usiojua kutulia, akasema: "Kwani kazi gani hii? Si kumimina tu na kungoja!" Wageni wakacheka. Mardhiya hakucheka. Siku chache baadaye alisafiri kwenda Unguja, binti yao Asma alikuwa karibu kujifungua, na mlangoni akaacha neno: "Nikirudi nataka nikute mkate wa mayai, umepika weye. Ukishindwa, usifungue mdomo tena juu ya jiko langu."

Leo ndiyo anarudi. Na simu zake tangu aondoke zilikuwa fupi mno: Asma hajambo, mtoto hajambo, haya, kwaheri. Ngwali alikonda kwa simu hizo. Alimtaka mkewe arudi na maneno yake yote, na kwa imani yake hakuna kitakachomrudisha vile ila mkate huu.

— Mayai yamebaki? aliuliza Mzee Nyange. Huyu ndiye Tabibu, kwani zamani alikuwa mlinzi wa zahanati.

— Yamebaki ya mkate mmoja tu, Mzee. Na boti inafika leo.

— Basi tulia, mwanangu. Ugonjwa huu naujua.

Tabibu akaubonyeza mkate kwa kidole, akanusa kidole, akafumba macho.

— Mayai ya kuku wa kisasa haya. Kuku wa kisasa halali, taa inamwakia usiku kucha. Yai la kuku asiyelala litaumuka vipi? Limechoka.

— Nilitia ya kienyeji.

— Basi kuku wako ana mawazo.

Fahmi akaweka kikombe chini. Anaendesha gari la abiria la Wete, na jina lake pale ni Gia.

— Ngwali, uliyapiga kwa upande gani?

— Vipi upande gani?

— Kulia ama kushoto?

— Nilipochoka kulia niligeuza kushoto.

— Ndo hapo! Umekaza nati, kisha umeilegeza mwenyewe. Unangojea nini?

Ngwali alijisugua bega. Alikuwa ameshika mchapo tangu kutoka sala ya alfajiri, akipiga mayai na sukari mpaka yakawa meupe na kujaa bakuli, na sasa mkono wote ulikuwa unawaka. Kubeba matofali mwaka mzima hakujamfanya hivi. Lakini hilo hakulisema, wangemcheka mpaka Adhuhuri.

— Nyote hamjui, alisema Redio. Tatizo ni mnara wa simu. Tangu usimamishwe, Konde hii hakiumuki kitu. Maandazi ya mke wangu yanalala chapa.

— Mke wako hatii hamira, alisema Khatib bila kuinua uso.

— Anatia! Mnara unaivuta!

Tabibu akainua mkono, wakanyamaza.

— Jiko uliliweka wapi?

— Uani, chini ya mpera.

— Astaghafirullah! Chini ya mpera, mapema yote ile? Pale pana wenyewe, Ngwali. Wameonja. Shimo hili ni la kijiko chao.

— Jini gani alae unga mbichi, Mzee?

— Jini mwenye haraka.

Ngwali akaona hawa watammaliza. Akatoa simu.

— Sikilizeni! Mie nimefuata hii neno kwa neno.

Akawawekea. Mama mmoja wa Dar es Salaam, jikoni kwake kunang'ara, alikuwa anaeleza kwa upole: "...kisha unauacha kwenye moto wa chini mpaka uive."

— Moto wa chini uliweka? aliuliza Gia.

— Karai zima la makaa!

— Chini?

— Chini kabisa.

— Hapo huna kosa, waliamua wote kwa pamoja, na Tabibu akarudi kwenye majini yake.

— Asalaam alaykum.

Wakageuka. Mardhiya alikuwa amesimama na mkoba wake, na maneno ya simu ameyasikia. Alipata gari la mapema kutoka bandarini. Waliitikia salamu, wakaulizia mjukuu, wakaambiwa mashaallah, wa kiume. Macho yake yakatua kwenye sufuria.

— Nani kapika?

Redio, ambaye hata usingizini hujibu, aliangalia viatu vyake.

— Mie, alisema Ngwali.

— Na juu ulipalia?

— Kupalia nini?

— Makaa, Ngwali. Makaa ya kifunikoni.

— Simu imesema moto wa chini!

— Moto wa chini ni moto mdogo. Yule mama ana oveni, inawaka juu na chini.

Ngwali aliitazama sufuria. Mkate ule kaula tangu waoane, naye hajapata kutia mguu uani kutazama unavyoiva. Mardhiya akamega kipande kidogo pembeni, pale palipokuwa si pabichi wala hapajaungua. Akatafuna taratibu.

— Mayai lakini yamepigwa. Kakupigia nani?

— Mwenyewe.

— Mkono hauumi?

Hapo Ngwali akasahau kama wanaume wenziwe wapo.

— Unauma, Mardhiya! Unauma mpaka shingoni! Hata kahawa nanywa kwa kushoto.

Mardhiya akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

— Na wangu? Umepata kuniuliza siku gani?

Mzee Nyange alichungulia ndani ya kikombe chake. Gia alikumbuka abiria wake, lakini hakuinuka. Hata Khatib, aliyekuwa anamimina, aliacha kahawa imwagike kwenye kisahani, kwani yeye pia ana mke.

— Sijapata, alisema Ngwali.

Akauchukua mkoba wa mkewe, akaunyanyua kwa mkono ule ule unaouma, na wote wakamwona anavyokunja uso.