Dativa Mutashobya, Daktari Aliyekataa Kutia Saini

Baba Paroko, shemeji yangu Japhet, watoto wetu, ndugu na marafiki mliotoka Tumba, Vårby gård, Rågsved na mitaa mingine ya hapa Stockholm, na wengine mbali zaidi, mimi ni Deogratias Mutashobya, wengi mnaniita Deo, na marehemu ni dada yangu, ndiye aliyeniachia ziwa, kwa hiyo ukoo umenipa mimi kazi ya kuwaeleza leo tunamzika nani.

Dativa Kokugonza Mutashobya alizaliwa tarehe 11 Septemba 1966 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Januari Mutashobya, aliyekuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na mama yetu Adelina, mwenye umri wa miaka themanini na saba, ambaye anatusikiliza kwa simu hivi sasa akiwa nyumbani Kamachumu. Shikamoo, Mama.

Alisoma shule ya msingi hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Bukoba hadi 1984, kidato cha tano na cha sita akasoma Morogoro, na baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na masomo ya udaktari Muhimbili, Dar es Salaam, alikohitimu Novemba 1993. Mwaka uliofuata alipelekwa Ngara, kwenye kambi za wakimbizi, akakaa huko miezi kumi na nne, na alituambia kwamba huko ndiko alikojifunza kutomwamini mgonjwa anayesema hajambo, na kumuuliza kila mtu, kabla ya kumpima chochote, analala wapi, na nani, na asubuhi anaamkaje.

Tarehe 2 Septemba 1996 alifika Stockholm kwa ufadhili wa masomo, akiwa na sanduku moja na koti la kuazima lililomfika magotini, na wakati wa likizo za kiangazi alikuwa akiwahudumia wazee majumbani mwao ili ajikimu, huku akijifunza Kiswidi kutoka kwao, ndiyo maana Kiswidi chake, kama wanavyosema watoto wake, kilikuwa cha bibi wa miaka tisini. Alipata shahada ya uzamivu mwezi Mei 2003, kwa utafiti juu ya namna mtu anavyopumua akiwa usingizini.

Alikutana na Japhet Mwakibinga, dereva wa treni za abiria, kwenye ibada ya Kiswahili huko Tumba, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Juni 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Zakayo, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2001, na Magdalene, aliyezaliwa tarehe 28 Agosti 2004. Nyumba yao ya Rågsved ilikuwa na kelele nyingi, mama akisema Kiswahili, watoto wakijibu Kiswidi, baba akichanganya vyote, na walielewana.

Sasa nifike kwenye kazi yake, maana wengi hapa mmekuwa mkiniuliza alikuwa akifanya nini hasa, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujieleza. Kuanzia Januari 2005 hadi alipougua, dada alifanya kazi katika kitengo cha utafiti hapa mjini kilichofuatilia afya na usalama wa wanaanga wanaokaa miezi sita au zaidi ndani ya kituo kinachozunguka juu ya dunia, yaani hewa wanayovuta, usingizi wao, mifupa, macho, na hata hasira zao, na hakuna mwanaanga aliyeruhusiwa kutoka nje ya kituo, kwenye utupu, bila madaktari wa zamu kutia saini kwamba yuko fiti.

Wiki tatu kabla ya kufariki aliniambia, "Deo, ukisoma historia yangu usinifanye malaika, waambie na lile kosa la kwanza." Nalisema basi. Mwaka 2009 alisimamisha kazi kituoni kwa siku mbili kwa sababu moyo wa mwanaanga mmoja ulionekana kwenda kombo, kumbe ni mkanda wa kipimo uliokuwa umelegea kifuani, na tangu siku hiyo baadhi ya watu kazini walianza kumwona kama mtu wa kupiga kelele bure.

Aliishi na jina hilo miaka minne. Januari 2013 kulikuwa na mwanaanga aitwaye Édouard, ambaye alipangiwa kutoka nje ya kituo Jumanne ya tarehe 22 kwa matengenezo ya muda wa saa sita, na kila asubuhi wanaanga hao walikuwa wakifanya jaribio fupi la kubonyeza kitufe mara taa inapowaka, dada akaona kwamba vidole vya Édouard vilikuwa vinachelewa asubuhi na kufikia adhuhuri vinarudi sawa, siku tisa mfululizo. Alhamisi tarehe 17 alizungumza naye kwa faragha kwa njia ya video, daktari na mgonjwa wake.

"Kichwa kinauma?" akamuuliza.

"Kidogo, nikiamka. Nikishazunguka kinaacha," akajibu Édouard. "Lakini nakuomba, usiwaambie. Nimesubiri safari hii ya nje miaka kumi na moja."

Dada akamwambia, "Nikisema bila ruhusa yako, hakuna mwanaanga atakayeniambia ukweli tena. Nikinyamaza, unaweza kufia huko nje, na mwenzako pamoja nawe. Kwa hiyo siri yako naitunza, lakini saini yangu hupati. Fikiri, halafu unijibu."

Édouard alifikiri siku mbili. Jumamosi dada alikuwa sebuleni akimsuka Magdalene, Japhet akiwapo, pale mkuu wake, ndugu Isak, alipopiga simu, na ndugu Isak, aliyeketi pale safu ya pili, amekubali niyasome maneno yake kama yalivyokuwa.

"Dativa, tia saini. Kila mtu ametia ila wewe. Hewa ya kituo iko ndani ya kiwango."

"Hewa ya ukumbini, mnakoipima, iko ndani ya kiwango," dada akasema. "Mtu halali ukumbini."

"Unakumbuka mwaka 2009? Safari hii ukikosea, sitaweza kukutetea."

"Usinitetee. Waambie wapeleke kipimo cha mkononi mahali anapolala, wakiweke usawa wa uso, nusu saa, feni ikiwa kama ilivyo."

Japhet anasema dada alipokata simu aliziacha nywele za mtoto, akamwambia, "Baba Zaka, huenda nimejifukuzisha kazi," naye Japhet akamjibu, "Basi mshahara wangu tutaula wote, maliza kumsuka mtoto." Alasiri ile Édouard alituma ujumbe akiruhusu maumivu yake yasemwe, na Jumapili asubuhi kipimo kikapelekwa. Ndani ya kijumba chake cha kulala hewa chafu, ile tunayoitoa tukipumua, ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya ukumbini, kwa sababu huko juu hewa haipandi wala haishuki yenyewe, isiposukumwa na feni inabaki imemzunguka mtu usoni, na mrija wa feni yake ulikuwa umeziba kwa vumbi na nyuzi za nguo. Safari ya nje iliahirishwa siku kumi na mbili, mrija ukasafishwa, vidole vya Édouard vikarudi kama mwanzo, akatoka, akafanya kazi yake, akarudi ndani salama. Tangu hapo kila anayelala kituoni huwekewa kipimo karibu na uso wake, na kanuni hiyo aliiandika dada yangu.

Édouard amesafiri kuja hapa leo na mkewe na binti zao. Tunakukaribisha, ndugu yetu.

Dada alianza kuumwa tumbo Februari 2024, na tarehe 21 Machi madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi kumi na tisa, akamwona Zakayo akihitimu uhandisi, akamfundisha Magdalene kupika ndizi na nyama akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, akitoa amri, na Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani Rågsved, mume na watoto wamemshika mikono, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliomtibu bila kumficha neno, wauguzi waliokuja nyumbani kila siku hata theluji ilipofika, jirani yetu Mueni, aliyekuwa na funguo za nyumba na hakuchoka, majirani wote wa ngazi ile ya jengo lao, wenzake wa kazini, jumuiya ya Kiswahili, na shirika la treni lililompa Japhet ruhusa ya miezi mitatu.

Mlisikia kwamba ukoo ulibishana mahali pa kumzika, na ni kweli, mimi mwenyewe nilitaka arudi Kamachumu, akalale karibu na baba. Yeye alikuwa amemwachia Japhet neno kwamba azikwe hapa hapa, mahali watoto wake wanapoweza kufika kwa treni siku yoyote watakayomhitaji, na nilipompigia Mama nikitumaini atakuwa upande wangu, alisema, "Huyo ni mama wa watu, Deo. Mwacheni kwa watoto wake."

Tumekubali, Mama. Dada Dativa, wanao wako hapa na sisi tuko nao. Bwana akupe amani yake, upumzike.