Beseni la Libérate na Mkono wa Dorine

Benchi la kando ya barabara pale Rugenge, mjini Uvira, ni langu, maana kahawa inayouzwa hapo ni yangu, lakini wanaume wanaolikalia wanafikiri walizaliwa nalo. Asubuhi ile mume wangu Gaspard alikuwa juu ya pikipiki, na binti yetu Dorine amekaa mbele yake. Alipaswa kumpeleka kwenye kituo cha mazoezi, ambako wageni wameleta mashine ya kujaribu: inashika mkono wa mtoto kwa mikanda na kuupunguzia uzito. Mkono wa kulia wa Dorine hauinuki tangu azaliwe. Wiki iliyopita, ndani ya mashine hiyo, aliusogeza mpaka akajigusa pua. Leo akikosa kufika, nafasi yake anapewa mwingine. Lakini Gaspard hakuwa ameiwasha pikipiki. Alikuwa anasikiliza benchi.

— Papa Dorine, rudisha mutoto ku nyumba, akasema Injenia, fundi wa redio. Mashini ikifanya kazi, mukono unalala. Ile pua, mashini njo iliigusa.

— Ilikuwa pua yangu, akasema Dorine.

— Nyamaza, bakubwa banaongea! akamkemea Injenia.

Anastase, tunayemwita Seneta kwa kuwa hajui kusema kwa kifupi, akaweka kikombe chini.

— Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Sasa ile mashini inakuja kulamba nini?

— Seneta, maana yake haiko hiyo, nikasema.

— Weye Mama Dorine, mimina kahawa. Minye nakwambia, ile mashini iko na akili. Inajifunza mukono wa mutoto wetu, kiisha banapeleka ile akili ku Ulaya, maroboti yavune mupunga kupita bantu ba mashamba ya Luberizi.

— Banataka kujifunza kuvuna, banakuja ku mukono wenye hauinuke? nikauliza.

— Na courant ya umeme? akadakia Injenia. Ya Uvira munaijua. Ikikatika, mukono unabakia juu! Ku misa padri atafikiri mutoto iko na swali kila siku.

Wakacheka. Gaspard naye akacheka, kisha akashuka kwenye pikipiki.

— Vizuri, akasema Seneta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mwenye kugonjwa ni mukono, akasema Dorine.

Libérate, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alikuwa ametua beseni lake ili anywe kahawa. Akamaliza, akaweka ngata kichwani.

— Ba papa, munitwishe.

Injenia na Seneta wakasimama, wakainua beseni kwa kuguna, wakamtwisha. Hakuondoka.

— Nikifika ku soko, nani atakuwa amebeba hizi ndagala? Minye, ao ninyi?

Injenia na Seneta wakakaa tena, wakachukua vikombe vyao.

Libérate akaenda zake, shingo imenyooka. Mimi nikawapokonya vikombe.

— Kahawa imekwisha.

— Lakini termosi imejaa! akasema Injenia.

— Nimesema imekwisha. Papa Dorine, washa, ao unipe ufunguo.

Gaspard akanitazama, akatazama benchi, akapanda. Dorine hakuwa ameshuka.