Ringi ya Futi Kumi na Moja

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa, Mchungaji na Shehe mliokaa benchi moja, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa sururu na beleshi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: wazee shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Naitwa Tobia Ntakije. Mimi ni Muha wa Kasulu. Nililetwa Tanga kukata mkonge, na mkonge ulipoanguka bei nikapanda milima hii kuchimba barabara ya Mtae. Huu ni mwaka wa kumi na tisa sijaona kwetu. Nimesoma hadi darasa la tatu. Nimeambiwa nimuage mpimaji wetu, Ndugu Vukashini, anayeondoka kesho kurudi Yugoslavia, na karatasi niliyoandikiwa ofisini inasema alikuwa mchapakazi na mpenda watu. Ni kweli. Lakini haisemi lile lililonileta mbele yenu, kwa hiyo naiweka mfukoni.

Wengi mnamjua kwa urefu. Mama Jenoveva, anayetupikia, ilibidi aupandishe mlango wa kibanda chake. Alisema, "Huyu akizidi kuinama kwangu atarudi kwao na kibiongo, watasema ni ugali wangu." Lakini ni wangapi hapa wanajua urefu ule ulikuwa wa kazi gani?

Yeye ni Mserbia, mtoto wa fundi wa reli katika mji mdogo kando ya mto Morava. Ringi yake ya kwanza ya kutupia mpira ilipigiliwa kwenye ukuta wa ghala la reli. Akiwa na miaka kumi na saba, klabu moja ya Belgradi ikamchukua. Akaichezea miaka tisa, halafu akaenda Italia, akawa analipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu. Nilipowaeleza wenzangu, Sefania, yule pale anayejificha nyuma ya kofia, alisema, "Basi na mimi nilipwe kwa kutupa mawe bondeni." Kisha goti la Vukashini likaharibika, timu ikamwacha, akarudia kazi aliyoisomea, kupima ardhi. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta kwetu, peke yake, na mpira mmoja ndani ya begi.

Miaka miwili iliyopita alituomba kitu kimoja tu: ringi. Tulifurahi. Tulikata nguzo ya mkaratusi, tukakunja chuma cha pipa, na mimi ndiye niliyeisimamisha kwenye kiwanja cha kugeuzia malori. Alisema iwe futi kumi. Sasa, Mheshimiwa, sisi watu wa barabara ya mlimani kila kipimo tunakianzia ukingo wa juu, kwa sababu ukingo wa chini udongo wake hukimbia na mvua. Kile kiwanja tulikuwa tumekiinamisha kidogo ili maji yatoke, na nguzo niliichimbia upande wa bonde. Nikavuta kamba iliyonyooka kutoka ukingo wa juu hadi kwenye nguzo, nikapima futi kumi kutoka kwenye kamba kwenda juu, nikafunga ringi. Nilijiona fundi.

Kila jioni alikwenda pale, akatupa mpira, akakosa. Sisi tulikaa kwenye tuta tukimtazama. Mpira uligonga chuma, ukatoka. Siku nyingine haukufika hata kwenye chuma. Tukampa jina, Bwana Nusura. Mimi ndiye niliyelitunga, msimsingizie mtu mwingine. Tukasema kule Italia labda alikuwa akifagia uwanja. Wenzangu wakachoka kucheka, wakaacha kuja, naye akaendelea kutupa peke yake katika ukungu, hata tukawa tunasikia tu mpira ukigonga chuma.

Juma lililopita niliambiwa niipake chokaa nguzo ile ili tusiaibike mbele ya wageni. Nikiwa juu ya ngazi, usawa wa ringi, ncha ya futi ya utepe ikaniponyoka, ikajikunjua mpaka chini. Nikaisoma. Nikashuka, nikapanda, nikaisoma tena. Futi kumi na moja: ardhi ya pale kwenye nguzo, anaposimama yeye kutupa, ilikuwa chini ya kamba yangu kwa futi nzima.

Nilimfuata pale pale. Nikasema, "Bwana Vukashini, ringi iko juu mno."

Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Tobia, mimi ni mpimaji."

"Sasa mbona ulinyamaza? Tumekucheka miaka miwili!"

Alikaa juu ya jiwe, akanyoosha lile goti. Akasema, "Mwaka wangu wa mwisho Italia nilikosa kila siku. Uwanja mzima ulijua ni goti. Mwishowe hata kuzomea waliacha, wakawa wananihurumia. Hapa nikikosa, ni ringi yenu. Nilipumzika."

Nikamwambia nitaishusha. Akasema, "Usiishushe. Nikikosa hapo, nitasingizia nini?"

Ndugu zangu, nilimwelewa kuliko alivyodhani. Barua ya mwisho kutoka Kasulu niliipata zamani, mwaka wa Azimio. Sikuijibu. Kila anayeniuliza mbona siendi nyumbani namwambia ni nauli. Si nauli. Naogopa kufika nikakuta hakuna anayeningoja. Kila mtu ana ringi yake aliyoiacha juu makusudi.

Lakini kosa lilikuwa la mkono wangu, na sikutaka mtu aondoke nchini kwetu akiwa amebeba kosa langu. Juzi jioni mimi na Sefania tuliishusha, futi kumi kutoka pale miguu yake inaposimama.

Jana asubuhi nilijificha nyuma ya stoo ya mabati iliyo kando ya kiwanja. Alikuja na mpira, akaiona. Akasimama muda mrefu. Nilidhani atarudi. Akatupa wa kwanza, akakosa. Akatupa wa pili, akakosa. Akafunga macho kidogo, akapangusa mikono kwenye suruali. Wa tatu uliingia bila kugusa chuma. Wa nne ukaingia. Akatupa kumi, na minane ile ya mwisho yote iliingia, akichechemea mwenyewe kuufuata mpira kila mara. Ule wa kumi ulipoingia aligeuka, akatazama tuta tulilokuwa tukikalia. Hapakuwa na mtu. Akatazama bondeni, ukungu mtupu. Akauweka mpira kwapani, akaondoka.

Nami sikutoka. Niliona haya. Mtu aliyezoea uwanja uliojaa alitafuta jicho moja tu, na jicho hilo lilikuwepo, likanyamaza nyuma ya mabati. Hilo ni kosa langu kubwa kuliko lile la kamba.

Kwa hiyo, Ndugu Vukashini, leo natoka nyuma ya stoo. Niliona. Mbele ya Mheshimiwa na kijiji kizima nasema niliona mipira minane, na jina la Nusura nalifuta mimi niliyelitunga. Kwenu wakikuuliza kama kuna mtu aliyekuona ukicheza mara ya mwisho, waambie yupo mmoja, Muha wa Kasulu, na wakitaka uthibitisho, mwandikie barua. Hiyo nitaijibu.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu kwenye baridi hii. Sasa nakaa.