Hitima ya Aliye Hai

Basi lililotoka Bagamoyo lilipopita Kiromo, redio ilitangaza kuwa watu wa haki za binadamu kutoka ng'ambo wanaiuliza nchi habari za waliopotea. Bi Mina, abiria wa kiti cha nyuma, alitega sikio.

"Wanatuingilia," alisema mzee mmoja mwenye kanzu. "Kwani kwao watu hawapotei?"

Mama aliyeketi kando ya mzee huyo, pakacha la mihogo miguuni, alimwamkia kwanza, akaitikiwa, ndipo akasema: "Baba, mwanangu Yahya alichukuliwa na watu wasiojulikana. Miezi mitano. Mimi nikakata tamaa, nikamsomea hitima, watu wakala pilau. Wale wageni hawakulifuta jina lake. Kila barua wanayoiandikia serikali wanauliza, yuko wapi? Mwezi uliopita karudi, mzima."

"Akakuta pilau imekwisha?" aliuliza mzee.

Mama alicheka hadi akafuta machozi. "Imekwisha! Nawaombea dua wale watu, hata majina yao siyajui."

Bi Mina aliitikia amina kimoyomoyo.

"Waombee," alisema mzee. "Mimi bado nasema wanatuingilia."

Basi liliposimama Mapinga, mama akawa anashuka, na mzee, ambaye safari yake ilikuwa bado, alishuka na pakacha la mama, akalitua polepole. "Msalimie sana Yahya," alisema.