Umwiza Aliposema Anaenda kwa Mama

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo, leo tuna mtu wa kumlilia. Ni Umwiza. Umwiza wa mtaa wa Mapendo, hapa Goma, binti wa miaka kumi na sita. Umwiza alijiua. Nalisema wazi, maana kufichaficha ndiko kunakotumaliza. Alivyojiua sitasema, na anayetaka kujua hilo ahamie kituo kingine.

Alizaliwa Masisi. Mama yake mzazi alikufa njiani wakikimbia vita, akazikwa kando ya barabara na watu wasiomjua. Umwiza akafika Goma, akapokelewa na Mukamugema, mdogo wa marehemu mama yake. Na kwetu mnajua: mdogo wa mama ni mama. Umwiza alimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Dada yao wa tatu, aliyeolewa Minova, naye ni mama.

Mlango ukibamizwa tu, Umwiza alitetemeka. Aliyemshikilia ni rafiki yake Charline, binti wa watu wa Butembo, aliyeuza naye mandazi sokoni Birere. Charline alimfundisha matusi ya Kinande, lugha ya kwao, naye akamlipa kwa ya Kinyarwanda, basi wateja wakawa wanatukanwa huku wanachekewa. "Alikuwaka anacheka mpaka anakaa chini," Mukamugema alituambia.

Kisha familia ya Charline ikarudi Butembo. Umwiza akanyamaza. Sahani yake ikawa inarudi na bugali wake. Mukamugema akaomba Mungu, akangoja, akajipa moyo kwamba yatapita. Halafu asubuhi moja binti akaamka mtulivu kabisa. Akampa mtoto wa jirani mkoba wake wa shule. Akasema, "Mama, kesho niko naenda kwa mama."

Mukamugema akafurahi, jamani. Akadhani ni Minova, na kwamba huko binti atapumua. Akakunja kikwembe kipya, kitenge cha kumpelekea dada yake. "Umusalimie sana mama," akamwambia.

"Nitamusalimia."

Kesho yake Minova wakapiga simu: mutoto hajafika. Hajafika Minova, wasikilizaji. Jioni wakamkuta amekufa. Kwenye kilio, Mukamugema alimwambia kila aliyekuja kumpa pole neno moja: "Sikuuliza ni mama gani." Angeulizaje? Nani kwetu huuliza hivyo? Mimi simlaumu, na atakayemlaumu tutagombana.

Watu wakiwa bado wamekaa, simu ikalia. Charline, kutoka Butembo.

"Hata mimi aliniambia anaenda kwa mama. Nikamuambia safari njema. Sasa na mimi nimechoka, mama. Mubaki salama."

Mukamugema akainuka mkekani. Safari hii hakungoja. "Charline, unataka kujiua?"

Kisha sauti ndogo: "Ndiyo, mama."

"Aksanti kuniambia. Usikate simu. Muite mama."

"Si niko naongea na weye?"

"Hapana mimi. Ule aliyekuzaa. Muite sasa, nisikie sauti yake."

Hakuiachia simu mpaka mama Kahindo, mama mzazi wa Charline, alipoingia chumbani na kumshika binti yake. Leo Charline anaonana na mshauri. Siku nyingine analia, siku nyingine hataki kutoka kitandani. Lakini yuko hai.

Kwa mama Mukamugema, kwa dada yake wa Minova, kwa Charline: poleni sana, tunalia nanyi. Umwiza mlimpenda, na hilo hakuna wa kuwanyang'anya.

Nanyi wengine, tufikiri. Kijana aliyepoteza watu wake akinyamaza, au akitulia ghafla, ukimuuliza kama anawaza kufa humpandikizii wazo hilo, unamfungulia mlango. Na wewe kijana, kama ni wewe ninayekusema, usibaki peke yako leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Asipokuelewa, mwambie mwingine, nenda hata kituo cha afya kilicho karibu.

Sasa tunanyamaza kidogo kwa ajili ya Umwiza. Tukimaliza, msikimbilie muziki. Mgeukieni mtoto mnayekaa naye, mumuulize, kisha mnyamaze mpaka ajibu.