Njia Haipo

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani alijikuta ameketi ubavuni mwa mwalimu wa hesabu wa binti yake. Salamu zao zilikuwa fupi kuliko pindo.

"Majibu yote ya mtihani wa mwisho wa mwaka kapata, mwalimu. Arudie darasa kwa kosa gani?"

"Njia hajaonyesha hata moja, mama. Nitajuaje kwamba hakunakili?"

"Mwanangu si mwizi."

Mwalimu akatazama jora ambalo fundi alilipakata. "Kitambaa mita sita, kila sketi mita moja na robo. Zinatoka ngapi?"

"Nne, na mita moja inabaki," fundi akajibu papo hapo.

"Umepataje?"

Miaka ishirini ya mkasi, na akapitisha tu kidole juu ya kitambaa. "Naona tu."

"Binti yako naye alinijibu hivyohivyo," mwalimu akasema polepole.

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha fundi kushukia, lakini hakuinuka.